Kisengerenyuma na Miruko ya Wakati: Istilahi za Filamu Zisizofuata Mfuatano wa Matukio

Utangulizi

Basi litokalo Mbeya kwenda Iringa hupita Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga, wala hakuna dereva awezaye kuugeuza utaratibu huo. Lakini abiria akishafika kwa wenyeji wake na kuulizwa habari za safari, halazimiki kuanza na Mbeya. Aweza kuanza na gurudumu lililopasuka karibu na Makambako, akarudi nyuma kueleza kwa nini basi lilichelewa kuondoka Mbeya, kisha akamalizia na Igawa, ambako alimkuta rafiki wa siku nyingi. Wenyeji wake hawapotei. Wanajua kuwa safari ina utaratibu wake na habari ya safari ina utaratibu mwingine, na kuwa msimulizi ameuchagua huo wa pili kwa makusudi.

Makala haya yanahusu filamu zinazoutumia uhuru huohuo: filamu zinazoanza na mwisho, zinazorudi nyuma katikati ya habari, au zinazochanganya siku kiasi kwamba mtazamaji hana budi kuzipanga upya mwenyewe. Kusudi letu si kuzisifu filamu hizo wala kuzilaumu. Tunataka kuzipima istilahi ambazo wahakiki na walimu wetu huzitumia wanapozieleza. Dai letu ni kwamba istilahi yetu kuu, yaani kisengerenyuma, imebebeshwa mambo kadhaa yasiyofanana, na kwamba jambo hasa linaloitwa kwa jina hilo kila siku halistahili kuitwa hivyo. Tunadai pia kuwa upungufu huu wa maneno si jambo dogo. Pale ambapo mhakiki hana neno la kuieleza kazi, hutoa neno la kuihukumu. Na mara nyingi hukumu hiyo humwangukia mtazamaji.

Mtazamaji aliyedhaniwa hawezi

Dhana kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata habari isiyonyooka ina historia, na sehemu ya historia hiyo ilitendeka katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Viongozi wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walisimamia utengenezaji wa filamu zilizoonyeshwa kwa gari katika Tanganyika na nchi jirani. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni, na William Sellers akawa kiongozi wake. Sellers alishikilia kanuni ambazo zilitawala filamu za namna hiyo kwa miaka mingi: picha zidumu muda mrefu, mwendo uwe wa polepole, tukio moja lifuate jingine kama lilivyotokea, na hila za kamera ziepukwe. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtu asiyezoea sinema hawezi kuziunganisha picha mbili zisizofuatana.

Kanuni hizo zilichanganya mambo mawili: kutozoea chombo na kutoweza kufikiri. Ni kweli kuwa mtu aionaye filamu kwa mara ya kwanza atasumbuliwa na chombo chenyewe, kama vile mtu asomaye barua kwa mara ya kwanza anavyosumbuliwa na herufi. Lakini haifuati kwamba mtu huyo hajui habari inavyoweza kugeuzwa. Mtu yeyote aliyeketi katika baraza la wazee, liwe la Rungwe au la Iringa, akasikiliza shauri la mpaka wa shamba au la ng'ombe wa mahari, anajua jinsi habari inavyokwenda pale. Mdai huanza na siku ya ugomvi. Mdaiwa huanza na siku ya urithi, miaka ishirini nyuma yake. Shahidi wa kwanza huanza na siku aliyopita njiani akaona jambo. Kila mmoja huirudisha saa nyuma na kuianza upya, na wazee hukaa wakizishika habari zote tatu kwa pamoja, wakilinganisha ni wapi zinapokutana na wapi zinapoachana. Watu walioweza kazi hiyo hawakuwa na haja ya kuhurumiwa kwa sababu ya picha mbili zisizofuatana.

Utawala uliozileta kanuni hizo umekwisha zamani, lakini mwangwi wake haujakoma. Bado mhakiki huandika kuwa filamu fulani "imevurugika" au "haina mtiririko", bila kuonyesha kama mvurugo huo ni kosa la mtunzi au ni mpango wake. Bado husemwa kuwa mtazamaji wa mikoani anataka habari iliyonyooka. Kauli ya namna hii ingehitaji ushahidi, na ushahidi ungehitaji kwanza maneno ya kuieleza habari isiyonyooka ni kitu gani.

Picha haina njeo

Kabla ya kuzijadili istilahi zenyewe, yafaa tutazame tatizo ambalo filamu inalo na ambalo hadithi ya maneno haina. Kitenzi cha Kiswahili hubeba wakati ndani yake. Tukisema, "Alifika Iringa, akashuka, akaketi juu ya sanduku lake," msikilizaji anajua kuwa -li- imeweka msingi na kuwa kila -ka- inasogeza habari mbele kutoka pale. Tukiongeza, "Alikuwa amemwacha mwanawe Mbeya," anajua mara moja kuwa tumetoka katika mstari wa habari na kurudi nyuma yake. Hakuna aliyepotea, na hatukuhitaji maelezo zaidi ya kiambishi. Lugha nyingine za Nyanda za Juu Kusini zina utajiri mkubwa zaidi katika jambo hili. Kihehe na Kibena, kwa mfano, hutofautisha katika kitenzi wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali.

Picha haina kiambishi. Mwanamke aliyeketi juu ya sanduku katika stendi ya Iringa yupo pale mbele ya macho yetu, sasa. Picha ikibadilika tukamwona mwanamke huyohuyo katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, naye yupo pale, sasa. Picha zote mbili zina -na-, na hakuna iliyo na "alikuwa ame-". Basi mtunzi wa filamu hana budi kuazima alama kutoka katika vitu. Iwapo katika stendi ya Iringa mwanamke ana mtoto wa miaka mitatu, na pale Mwanjelwa ni mjamzito, mtazamaji ataipanga habari mwenyewe bila kuambiwa. Alama nyingine ni nyumba iliyofika kwenye msingi katika picha moja na kuezekwa katika nyingine, nywele zilizoota mvi, au kovu lililopo na kisha halipo. Kwa mtazamaji wa nyanda hizi, hata shamba lililo nyuma ya wazungumzaji ni kalenda. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na huvunwa wakati wa baridi, Juni na kuendelea. Mtunzi akionyesha mahindi ya magotini na kisha mabua makavu, amekwisha kutaja miezi.

Pale ambapo alama hizo hazitoshi, watu wetu wamepata dawa yake. Katika vibanda vya kuonyeshea video, ambavyo umma umeviita vibanda umiza, ilizoeleka filamu ya kigeni kuonyeshwa pamoja na sauti ya mtafsiri, wa namna ya yule aliyejulikana nchini kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa namna hiyo hafasiri maneno ya wahusika peke yake. Picha inaporudi nyuma ghafla, husema: hapa anakumbuka, au, hii ilikuwa kabla hajafungwa. Kwa maneno mengine, huitia picha njeo ambayo haikuwa nayo. Msomi aweza kulalamika kuwa mtafsiri anamnyima mtazamaji kazi ya kufikiri, na lalamiko hilo lina haki yake. Hata hivyo, kwa mtu anayeshughulika na istilahi, kazi ya mtafsiri ni fundisho kubwa, kwa sababu yeye amelazimika kupata maneno papo hapo mbele ya watu walio tayari kumzomea. Na maneno yenyewe ni ya kawaida: "tumerudi nyuma", "wameruka", "hii ni ya zamani". Hakuna anayetamka kisengerenyuma mbele ya umati.

Kisengerenyuma na urejeshi

Sasa tuitazame istilahi yenyewe. Katika matumizi ya kawaida ya lugha, kwenda kisengerenyuma ni kwenda kinyumenyume: uso umeelekea mbele, miguu inarudi nyuma, hatua kwa hatua. Anayekwenda hivyo hapiti hewani. Hupita kila mahali alipopita, ila kwa utaratibu uliogeuzwa: alipopita mwisho hupapita kwanza.

Je, hivyo ndivyo filamu inavyofanya mhusika anapokumbuka utoto wake? La. Filamu huruka. Huiacha leo, ikatua miaka ishirini nyuma, na ikishatua pale huenda mbele kama kawaida: mtoto anaamka, anakwenda shule, anarudi, anamkuta baba amekufa. Hakuna hatua hata moja iliyopigwa kinyumenyume. Kuliita jambo hili kisengerenyuma ni sawa na kusema kuwa mtu aliyepanda ndege kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam alikwenda kwa miguu.

Udhaifu huu unaonekana zaidi katika neno lililoundwa kuwa jozi yake, yaani kisengerembele. Neno hili hutumiwa mashuleni kwa mbinu ya kuonyesha mapema jambo litakalotokea baadaye. Lakini kwenda kisengerenyuma ni kwenda kwa kurudi. Mtu hawezi kurudi mbele. Neno limeundwa kwa kulitazama umbo la mwenzake bila kuitazama maana. Mwanafunzi hulikariri na kulitumia katika mtihani, lakini hawezi kulieleza kwa bibi yake, na bibi akilisikia atacheka.

Wako waliolikwepa neno hilo wakatumia mbinu rejeshi au urejeshi. Maneno haya yana sura nzuri na yanatokana na kitenzi kinachojulikana. Tatizo lake ni jirani. Katika sarufi yetu urejeshi tayari una kazi: ni jina la miundo kama vile "mtu aliyefika" na "kitabu ambacho nilikisoma". Mwanafunzi wa kidato cha tano huyakuta maneno hayo katika sarufi na kuyakuta tena katika fasihi yakiwa na maana nyingine. Istilahi moja inapotumikia taaluma mbili zilizo mbali, kama tiba na ujenzi, hakuna madhara makubwa. Inapotumikia maana mbili ndani ya somo moja, huzaa mkanganyiko.

Yapo pia maneno mengine yaliyo karibu ambayo tungeweza kuyafikiria, lakini nayo yamekwisha kushikwa. Marejeo ni orodha ya vitabu. Marudio ni kipindi kinachotangazwa tena. Kumbukizi siku hizi ni adhimisho la mtu aliyefariki au la tukio la taifa.

Filamu zenyewe zinafanya nini?

Istilahi hupimwa kwa vitu. Tuzichukue filamu chache zinazojulikana, tuone ni mambo mangapi tunayoyaita kwa jina moja.

Ya kwanza ni Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975. Katika sehemu kubwa ya filamu, mzee aliyewahi kuwa polisi anaonekana amejifunika shali mabegani. Majambazi wanakivamia kijiji, bunduki imelala miguuni pake, naye haiokoti. Vijana wawili aliowaajiri wanamlaumu. Ndipo anaposimulia yaliyompata zamani, na filamu inarudi pamoja naye, hadi tunapofahamu kuwa mikono yake ilikatwa. Hapa kurudi nyuma kuna mwenyewe. Kuna mtu anayekumbuka na kusimulia, na kuna swali lililoulizwa ambalo kurudi huko ni jibu lake. Kama mtunzi angeyaonyesha yote kwa mfuatano wake, shali lingekuwa nguo tu.

Ya pili ni filamu ya Kenya, From a Whisper, iliyotungwa na Wanuri Kahiu mwaka 2008. Msingi wake ni mlipuko wa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ambayo ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulilipuliwa pia. Abu, ofisa wa usalama, na Tamani, msichana msanii aliyempoteza mama yake, wanaishi miaka kumi baada ya tukio, na filamu inakwenda na kurudi kati ya nyakati hizo mbili. Abu anarudi kwa rafiki yake aliyeshiriki katika uovu ule. Tamani anarudi kwa mama yake. Mlipuko ni mmoja, lakini njia za kuurudia ni mbili. Mhakiki asemaye kwamba "mtunzi ametumia kisengerenyuma" amesema kweli isiyo na faida. Lililo muhimu ni kuwa kumbukumbu za watu wawili, mmoja mwenye hatia moyoni na mwingine mwenye msiba, zinakutana katika siku moja.

Ya tatu ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotolewa mwaka 2001. Daktari Asira anatoka Marekani kuja Tanzania, na hospitalini anamkuta Samehe, mwanamke ambaye hajasema neno kwa miaka mingi. Kati yao anapita Maangamizi, mzimu wa kale. Yaliyopita yanaingia katika filamu hii, lakini ni shida kusema kuwa kuna mtu anayeyakumbuka. Samehe hasemi. Anayeyaleta ni mzimu, na kwa mzimu hayo hayakupita. Istilahi inayodhani kuwa kila kurudi nyuma ni kumbukumbu ya mhusika itaikosa filamu hii kabisa.

Nje ya Afrika tunakuta namna nyingine. Katika Rashomon ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, mauaji yaliyotokea msituni yanasimuliwa mara kadhaa na watu tofauti, na masimulizi hayakubaliani. Hiyo ndiyo baraza ya wazee tuliyoitaja, isipokuwa shauri linabaki bila kukatwa. Katika Pulp Fiction ya Quentin Tarantino, ya mwaka 1994, mtu anauawa katikati ya filamu, na katika onyesho la mwisho anatoka mlangoni akiwa hai. Hakuna aliyekumbuka lolote. Mtunzi amezikata siku na kuzipanga apendavyo. Na katika Memento ya Christopher Nolan, ya mwaka 2000, kuna maonyesho ya rangi na maonyesho ya rangi nyeusi na nyeupe. Yale ya rangi yamepangwa kinyume, la mwisho likiwa la kwanza, kila moja likiishia pale lililotangulia lilipoanzia, ili mtazamaji aone kama aonavyo mhusika mkuu, asiyeweza kushika kumbukumbu mpya.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea. Kati ya filamu zote tulizozitaja, moja tu inakwenda kisengerenyuma kwa maana halisi ya neno, nayo ni Memento. Neno letu ni zuri na sahihi. Tatizo ni kuwa limepewa kila kitu isipokuwa kitu chake.

Fuvu la Kalenga

Huenda mtu akasema kuwa haya ni mambo ya wageni. Basi tuitazame habari ambayo kila mtoto wa Iringa ameisikia. Mtwa Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894. Aliendelea kupigana hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilitoe. Lilirudishwa tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Huo ni mfuatano wa matukio. Lakini mgeni afikaye katika makumbusho ya Kalenga hakutani na habari kwa mfuatano huo. Anakutana na fuvu. Yaani anaanza na mwisho, na kila anachoelezwa baada ya hapo ni kurudi nyuma: limerudije, lilikwendaje, aliyekuwa nalo alikuwa nani. Lugalo inakuja baadaye, na inapokuja ina uzito mwingine, kwa kuwa msikilizaji amekwisha kuona gharama yake.

Seko Shamte alitengeneza filamu juu ya habari hii, Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa, iliyotoka mwaka 2011. Hatukusudii kuihakiki hapa. Tunataka kuonyesha tu kwamba mtunzi yeyote atakayeishika habari hii ana chaguo lenye maana mbili tofauti. Akianza na Lugalo na kwenda mbele, atakuwa ametunga habari ya ushindi unaoishia katika msiba. Akianza na mwaka 1954, fuvu likiwa mikononi mwa Gavana, kisha akarudi 1891, atakuwa ametunga habari ya deni: mtazamaji atavitazama vita vyote akijua kuwa kuna kitu kitakachochukuliwa na kitakachodaiwa kwa zaidi ya nusu karne. Matukio ni yaleyale, watu ni walewale, na hakuna tarehe iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni mpangilio, na pamoja nao maana. Mhakiki asiye na maneno ya kulieleza jambo hili hataweza kusema filamu moja inaizidi nyingine kwa lipi, wala kumtetea mtunzi anaposhutumiwa kuwa amevuruga historia.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, tunayaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji.

(a) Mfuatano wa matukio na mpangilio wa masimulizi. La kwanza liwe utaratibu wa mambo yalivyotokea. La pili liwe utaratibu wa mambo yanavyoonyeshwa. Jozi hii ndiyo msingi, kwa kuwa bila hiyo hakuna istilahi nyingine inayoelezeka.

(b) Wakati msingi. Huu ni wakati ambao filamu imeufanya kuwa "sasa" yake, na ambao kutoka kwake kurudi au kutangulia kunahesabiwa. Katika From a Whisper wakati msingi ni miaka kumi baada ya mlipuko.

(c) Mruko wa nyuma na mruko wa mbele, wingi wake miruko. Neno mruko lipo tayari katika lugha, lina kitenzi kinachotumika na umma, na linalieleza jambo lilivyo: filamu inaacha pengo, inatua, kisha inaendelea. Kisengerembele liachwe.

(d) Mruko wa kumbukumbu na mruko wa msimulizi. Wa kwanza ni ule wenye mhusika anayekumbuka au kusimulia, kama katika Sholay. Wa pili ni ule unaofanywa na filamu yenyewe. Filamu kama Maangamizi itatulazimisha kujadili mruko wake ni wa nani, na mjadala huo ndio uhakiki wenyewe.

(e) Kisengerenyuma. Neno hili lisitupwe. Libakie kwa filamu, au sehemu ya filamu, ambayo maonyesho yake yamepangwa kinyume, la mwisho likiwa la kwanza.

(f) Mseto wa nyakati. Hili liwe jina la mpangilio ambao siku zimechanganywa bila wakati msingi ulio wazi, kama katika Pulp Fiction.

(g) Masimulizi ya mashahidi. Hili liwe jina la mpangilio ambao tukio moja linarudiwa kwa macho ya watu mbalimbali, kama katika Rashomon.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba mruko ni neno la wanariadha. Ni kweli, lakini uwanja na ukumbi wa sinema ni mahali pawili, na hatudhani kuwa yupo atakayezichanganya. Ya pili ni nzito zaidi: kisengerenyuma kwa maana yake pana kimekwisha kuenea katika vitabu na mitihani, na si haki kumwadhibu mwanafunzi kwa sababu ya mabadiliko yetu. Tunakubali. Hatupendekezi neno lifutwe kwa amri. Tunapendekeza kwamba mwalimu anapolifundisha afundishe pia miruko, na mtahini ayakubali yote mawili, hadi matumizi yenyewe yaamue. Istilahi iliyo bora hushinda kwa kufaa, na isiyofaa haiwezi kuokolewa na muhuri wa baraza lolote.

Kipimo cha mwisho cha istilahi ni sentensi. Tujaribu: "Filamu hii inaruka nyuma mara tatu. Miruko miwili ni ya kumbukumbu. Wa tatu ni wa msimulizi, nao ndio unaomweleza mtazamaji jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui." Sentensi hizo zaeleweka na mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi, na zinasema jambo ambalo kauli "mtunzi ametumia kisengerenyuma" haiwezi kulisema.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa watu wetu hawakuwa wapungufu wa kufuata habari iliyogeuzwa. Barazani na katika vibanda vya video wamekuwa wakiifuata, na pengine wakiitengenezea maneno. Waliopungukiwa ni sisi tunaoandika. Tunawaomba wasomaji, hasa walio Mbeya, Iringa na Njombe, watuletee maneno ambayo Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe na Kibena huyatumia kwa msimulizi anayeruka nyuma au kuanza na mwisho, kwa kuwa huenda lililo bora kuliko mruko liko huko.

Walimu nao wanaweza kulipima pendekezo hili kwa gharama ndogo. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi filamu moja isiyonyooka, kisha achore ubaoni mistari miwili: wa juu uwe wa mfuatano wa matukio, wa chini uwe wa mpangilio wa masimulizi. Wanafunzi waunganishe kila onyesho la chini na mahali pake pa juu. Mistari itakatana, na kila inapokatana mwalimu aulize: kwa nini hapa? Tungependa kupata majibu yao.